Dawa za Mkwe

Kama ungemwomba Tribhovan akuchemshie yai, angeanza kwa kukueleza asili ya kuku. Ndivyo alivyoumbwa, na mkewe alikwisha mzoea. Kwa hiyo mwaka ule wa 1912, Bwana Daktari alipomwita na kumwambia apange somo la dawa la muhula mmoja, kwa wauguzi na wang'oa meno wa hospitali, alitoka ofisini mle akitembea kama bwana harusi.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vitatu vya mawe na banda la makuti, kando ya njia itokayo Malindi kwenda Kakuyuni. Tribhovan ndiye aliyekuwa mchanganya dawa wake. Kazi hiyo alijifunza Bombei, akaja pwani na cheti chake ndani ya bweta la bati, na tangu hapo watu wote, wagonjwa na wazima, walimwita Mhindi wa Chupa. Jina hilo hakulipenda hata kidogo. Sasa aliambiwa atakuwa mwalimu, na neno hilo alilirudia njiani mara kadhaa, kwa sauti, akijaribu kulisikia lingekaaje kinywani mwa watu.

Lakini Daktari alikuwa ametia sharti. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu, aliyejifunza Kiswahili kitabuni, na kila neno lake lilitoka limepigwa pasi.

"Muhula mmoja tu," alimwambia. "Tangu mahindi ya masika yavunwe mpaka mvua ya vuli. Mvua ikinyesha, wote wanarudi mashambani na humpati mtu. Na mimi nakwenda Ulaya kwa likizo. Sasa nisikilize vizuri. Lile kabati la dawa za hatari nimelitia kufuli mbili. Ufunguo mmoja nakupa wewe. Wa pili nitampa mwanafunzi atakayejibu maswali yangu siku ya mtihani. Asipopatikana hata mmoja, nafunga hospitali mpaka nirudi. Dawa za namna ile siziachi mkononi mwa mtu mmoja, hata angekuwa malaika."

"Na mimi, Bwana?"

"Wewe una shemeji mwenye duka, sivyo?"

Alikuwa naye. Lakhamshi, kaka yake mkewe, alikuwa na duka kubwa la mchele na mafuta ya taa mjini Malindi, na kila walipokutana alimpigapiga shemeji yake begani na kumwambia kwamba mizani ya vitunguu inamngoja. Alisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililouma zaidi. Tribhovan aliogopa mizani ile kuliko alivyoogopa tauni.

Akaketi kupanga somo. Mpango wake wa kwanza ulikuwa na sura thelathini na mbili, ukianza na matabibu wa Kiyunani, ukapitia Baghdadi, ukateremka Bara Hindi, na kwinini ilitokea karibu na mwisho, imechoka kwa safari. Daktari aliurudisha na maneno mawili pembeni: "Vizuri. Punguza." Mkewe, Chanchalben, aliyekuwa akichambua dengu ukumbini, alisomewa sura nne tu akainua mkono.

"Wasikia?" alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita mumewe sikuzote. "Watu hao wana mashamba. Wakingoja hao Wayunani wako wamalize kupita, watoto wao watakuwa wamekwisha oa."

"Somo lazima liwe na msingi."

"Basi anza na kitu mgonjwa anachokunywa. Msingi utafuata nyuma."

Alinuna mpaka chakula cha jioni, kisha akaona kwamba mkewe amesema kweli, akanuna tena kwa sababu hiyo. Hata hivyo alichukua kalamu akakata. Akawakata Wayunani wote. Akabaki na mambo matatu ambayo muuguzi mwenye chupa mkononi hana budi kuyajua, na mng'oa meno vilevile: dawa hii ni ya nini, hupewa kiasi gani, na je, ikizidi itamwua mtu au haitamwua.

Hilo la tatu ndilo lililomtoa jasho, kwa sababu ya neno. Alihitaji neno moja fupi la kuzitenga zile dawa za kabatini, afyuni na kokeini na zebaki na wenzao. "Sumu" Daktari alilikataza kabisa, maana mgonjwa mmoja alipolisikia kwa bahati aliruka dirishani na mguu wake wa dawa na bandeji, na kijiji kizima hakikutokea tena mpaka mwezi wa Ramadhani. "Kali" nalo halikufaa. Watu wa huku hupenda dawa kali. Mwambie mtu dawa hii ni kali naye atakuomba umwongeze, na akifika kwao ataisifu kwa jirani.

Mwisho alichagua maneno mepesi kuliko yote: dawa njema na dawa mbaya. Daktari aliyapenda sana. Kwa mkono wake mwenyewe aliandika MBAYA kwa wino mwekundu juu ya kila chupa ya kabatini, akatoa nje chupa moja moja ya kufundishia, akafunga kufuli zote mbili, kisha akapanda meli kwenda Mombasa kwa shughuli zake, akisema atarudi siku ya mtihani.

*

Wanafunzi walikuwa sita: wanawake wanne wauguzi, na wanaume wawili waliokuwa wakizunguka masokoni na koleo zao wakiwang'oa watu meno, mpaka Daktari alipowachukua ili angalau wang'oe lile linalouma. Walikaa juu ya mabenchi kwenye banda la makuti, na Tribhovan alisimama mbele yao amevaa koti lake jeusi, joto lilivyo na jasho linavyomtiririka.

Siku ya kwanza, Priscilla, muuguzi aliyelelewa misheni Rabai, alisimama akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tribhovan alijibu "marahaba" kisha akageukia ukuta kwa muda, akijifanya anatafuta chaki.

Somo lilikwenda kwa kuitikiana, kama mtu anavyofundisha watoto kuhesabu. Aliinua chupa, wakaitikia.

"Kwinini?"

"Njema!"

"Haluli?"

"Njema!"

"Afyuni?"

"Mbaya!"

Ilikuwa raha kuwasikia. Watu waliokuwa wakipita njiani na mizigo ya makaa kwenda Malindi walijifunza nao, na ukikutana nao mbele ungewasikia wakiitikiana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya kuitikiana, kila mmoja alishika chupa, akaifungua na kuinusa, kwa sababu Tribhovan alikuwa ameweka sheria yake moja isiyopunguzwa na mtu: hakuna kumimina kabla ya kunusa, hata kama karatasi ya chupa imeandikwa na Mfalme. Kisha wakapima kwa maji, tone kwa tone, mpaka vidole vikazoea.

Aliyeitikia kwa nguvu zaidi alikuwa Katana, mmoja wa wale wang'oa meno, mtu wa kifua kipana na maneno mengi. Alikuwa anajua kila jibu kabla swali halijaisha. Kunusa tu ndiko kulikomchosha. "Mwalimu, mimi nina macho," alikuwa akisema. "Naona karatasi."

Na aliyekuwa bora kuliko wote, kwa kila jambo ila moja, alikuwa Mbeyu.

Mbeyu alikuwa mwanamke wa Kakuyuni, mke wa mkulima aitwaye Kenga, na alikuwa na mkono uliotulia kuliko wa Tribhovan mwenyewe. Ukimwambia matone kumi, anatoa kumi. Ukimfumba macho, anakutajia chupa kwa harufu. Alikuwa pia mcheshi, na wagonjwa walimpenda kwa kuwa aliwatania huku akiwafunga vidonda, mtu akaja akashtukia bandeji imekwisha. Lakini somo lilipofika kwenye dawa za kabatini, Mbeyu alinyamaza. Wenzake wote wakisema "Mbaya!" kwa pamoja, yeye alikuwa akitazama miguu yake.

Mwanzoni Tribhovan alidhani hasikii vizuri. Akamsogeza mbele. Kisha akadhani anaona haya mbele ya wanaume. Akawapeleka wanaume nje. Wapi! Alimwonyesha afyuni, akamwuliza peke yake, "Hii je, Mbeyu?"

"Hiyo ni ya maumivu makubwa, Mwalimu. Matone machache, na mtu alale ukimtazama. Akipumua polepole mno, usimwongeze."

"Barabara. Na ni njema au...?"

Mbeyu alifikiri. "Si njema," akasema.

Tribhovan alifurahi. Basi anaweza! Kumbe furaha yenyewe ilikuwa ya muda. Siku chache baadaye Mbeyu alikuwa akipanga chupa, akachukua ile kubwa ya kaboliki, dawa ya kuulia vijidudu, akamwambia, "Mwalimu, hii si njema, isikae rafu ya chini, watoto wa wagonjwa hupita hapa." Tribhovan, aliyekuwa na shughuli, alisikia mwanzo tu. Si njema? Kwake yeye, kitu kisicho chema ni kitu kilichooza, kama samli ya zamani. Akaichukua chupa nzima, mpya, iliyotoka Mombasa juzi, akaimwaga shimoni. Harufu ilikaa siku nyingi na nzi wote walihama.

Alipogundua alichofanya alikaa chini juu ya kisanduku, akashika kichwa.

"Mbeyu, mama, nakusihi," alimwambia. "Dawa iliyoharibika si njema. Dawa iwezayo kuua ni mbaya. Ni vitu viwili. Neno ni dogo, herufi tano. Daktari atakuuliza hilo hilo. Sema nami."

Mbeyu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia na haelewi lugha.

"Nakuelewa, Mwalimu," akasema. "Lakini mimi hilo siwezi." Akachukua ufagio akaondoka.

Tribhovan hakumwuliza zaidi, na hapo ndipo nami namlaumu. Mtu mwenye cheti akishaamua kwamba mwanafunzi ana kichwa kigumu, haulizi tena, hurudia tu kwa sauti kubwa zaidi. Alirudia kwa majuma, naye Mbeyu alitazama miguu yake kwa majuma. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bahari, na Lakhamshi akatuma salamu kwamba amenunua mizani mpya.

*

Mambo yalifunuka mezani, kwenye chakula cha mchana. Tribhovan alikuwa hana hamu ya kula. Alikuwa akiuchezea wali wake na kulalamika, na Chanchalben alikuwa akimsikiliza kwa sikio moja huku akimpepea mtoto wao Nalini aliyelala mkekani.

"Mbeyu ndiye peke yake awezaye kufaulu," alisema Tribhovan. "Wengine wanasahau vipimo. Katana hanusi. Mbeyu anajua yote, na neno moja linamshinda! Hata mkwewe nilimwambia, alipoleta mahindi hospitali. Nikamwambia, mzee, zungumza na mkazamwanao. Akacheka tu."

"Mkwewe ni nani?"

"Mzee mmoja wa Kakuyuni, mpole sana. Mzee Baya."

Upepeo ulisimama. Chanchalben alimgeukia mumewe polepole.

"Sema tena jina lake."

"Baya. Mzee B..." Akaanza kuliona. Lakini bado hakuwa amefika, alikuwa njiani tu. Mkewe aliona afadhali amsaidie.

"Wasikia? Mimi nimekuita jina lako lini?"

"Jina langu?"

"Tangu tuoane. Lini?"

Tribhovan alianza kuhesabu miaka kwa vidole. Aliitwa Wasikia. Mbele ya watu aliitwa babake Nalini. Jina lake alilopewa na mamake lilikuwa halijapita midomoni mwa mwanamke huyu hata siku moja, na yeye hakuwa ametambua.

"Na hii iliyo ndani ya wali, mimi naiitaje?"

"Chumvi? Unaiita sabras."

"Na Wagujarati wengine wote duniani wanaiitaje?"

"Mithu."

"Na baba yako mzazi anaitwa nani?"

"Mithabhai," akasema Tribhovan, na tonge likabaki hewani.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameamini kwamba huko Jamnagar, kwa akina mkewe, chumvi huitwa sabras. Alikuwa hata amewaeleza watu, kwa ufasaha, juu ya lahaja za Jamnagar. Kumbe mwanamke huyu alikuwa akiizunguka chumvi kila siku ya Mungu, jikoni, sokoni, dukani kwa kaka yake, asije akalitaja jina la mkwewe aliyekuwa ng'ambo ya bahari na asingemsikia kamwe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje bila kulitaja?" Chanchalben alicheka mpaka Nalini akaamka. "Maskini dada wa watu. Umemkalisha hapo muhula mzima unamwambia amtukane mkwewe mbele ya wanaume, na tena mpaka kwa wimbo!"

Tribhovan aliona aibu, aibu hasa, ile inayopanda na kuchoma masikio. Hapo hapo alisikia pia kitu kingine, na hicho kilikuwa upole mkubwa kwa mwanamke aliyeketi mbele yake na upepeo mkononi. Alitaka kumwambia neno la kumshukuru, lakini hakuwa na mazoea. Akaomba aongezewe sabras.

*

Siku ya pili alisimama mbele ya wanafunzi akafuta ubao.

"Neno limebadilika," alisema. "Nililichagua vibaya..." Akajiuma ulimi, akamtazama Mbeyu. "Nililichagua bila akili. Mbeyu, nisamehe. Hebu niambie. Ukikutana na baba mkwe wako njiani, unafanyaje?"

Mbeyu alishangaa, kisha uso ukamkunjuka. "Namwachia njia, Mwalimu. Nashuka pembeni na kuinama. Simsogelei. Hatuli chungu kimoja. Kikombe chake sikigusi."

"Unamchukia?"

"La hasha! Ni mtu wa heshima. Ndiye anayetusaidia mambo makubwa. Ila humwendei bila sababu, na ukimwendea, maneno machache, na kwa kipimo."

Tribhovan aligeuka akazitazama chupa zake. Nadhani katika maisha yake hakupata kusikia dawa za kabatini zikielezwa vizuri namna hiyo, Bombei wala kwingineko.

"Basi hawa ndio wakwe," akasema. "Dawa za mkwe. Afyuni?"

"Mkwe!" wakaitikia wote sita, na sauti ya Mbeyu ilikuwa juu kuliko zote.

Hapakuwa na haja ya kuwaeleza zaidi. Hata Katana alielewa mara moja, maana alikuwa na mama mkwe, na siku ile alipoipima kokeini ya meno mkono wake ulikuwa na adabu isiyo ya kawaida. Somo la juma zima lilikwisha kabla jua halijawa kali. Tribhovan alirudi nyumbani akiimba.

Kilichobaki ni Daktari, naye alirudi asubuhi ile ile ya mtihani, amechoka, masanduku yake ya safari ya Ulaya yamekwisha fungwa. Tribhovan alimkimbilia mlangoni.

"Bwana, kuna jambo dogo juu ya neno..."

Daktari alisikiliza yote, maana hakuwa mtu wa dharau. Kisha akatikisa kichwa. "Naielewa heshima yake, Tribhovan. Lakini hebu fikiri. Mgonjwa ameinua kikombe kisicho chake. Muuguzi yuko upande wa pili wa chumba. Lazima apige kelele neno moja, na kila mtu alielewe papo hapo. Hakuna nafasi ya mafumbo. Na neno liko kwenye chupa. Asiyeweza kulisema, simpi ufunguo."

Na ubishi wake, lazima niseme, haukuwa wa kijinga.

Mtihani ukaanza. Wauguzi watatu walikosea vipimo, kila mmoja kwa namna yake, Priscilla kwa matone mawili tu, akalia. Yule mng'oa meno wa pili alisahau kwamba haluli ni ya kuendesha tumbo. Akaja Mbeyu. Alijibu kila kitu. Daktari aliuliza haraka, naye akajibu haraka, ya nini, kiasi gani, dalili gani ikizidi, mpaka Daktari akaanza kutabasamu. Mwisho akainua chupa ya afyuni, maandishi mekundu yamemkabili.

"Hii ni dawa gani? Neno moja, na ufunguo ni wako."

Tribhovan alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alijua kwamba neno lenyewe ni herufi tano tu, na kwamba hospitali yote iko ndani yake, na wagonjwa wa homa wa vuli inayokuja, na yeye mwenyewe na koti lake. Alitamani kwa moyo wote alisikie. Na alijua, kwa kuwa sasa alimjua mke wake, kwamba hatalisikia.

"Ufunguo na ukae, Bwana," alisema Mbeyu kwa upole. "Ni heri ya Mungu." Akaenda akaketi kwenye benchi, macho yamejaa machozi, lakini kichwa juu.

Daktari alishusha pumzi. Hakufurahi. Akamwita Katana.

Katana alisimama kifua mbele. Alijibu vizuri, hilo siwezi kumnyima. "Afyuni?" "Mbaya!" "Zebaki?" "Mbaya!" Sauti ilifika barabarani. Daktari akachukua ufunguo akauweka mezani mbele yake.

"La mwisho," akasema. "Mwalimu wako anakohoa tangu asubuhi. Mpe dawa."

Kweli Tribhovan alikuwa akikohoa, kwa wasiwasi. Katana alitazama mezani, akaona chupa yenye karatasi nyeupe iliyoandikwa KIKOHOZI, akaichukua mara moja, akamimina kikombe, si haba, maana alimpenda mwalimu wake, akamnyoshea. Tribhovan alikipokea. Mawazo yake yalikuwa kwenye duka la Lakhamshi, na mtu anayewaza vitunguu hanusi. Daktari alikuwa amekwisha inua mkono ili amzuie.

Hakuwahi.

"MKWE!"

Sauti ile ilitoka kwenye benchi, upande wa pili wa banda. Mbeyu alikuwa amesimama. Harufu ilikuwa imemfikia pale alipoketi. Na neno lilipotoka, watu wote walifanya jambo moja bila kufikiri: Priscilla aliruka nyuma, wauguzi wakashuka upande na kuinama, Katana aliiachia chupa kama imemuuma, na Tribhovan, Mbaniani wa Bombei, alikitupa kikombe akajikuta ameegemea ukuta, ameinamisha kichwa kwa adabu. Afyuni ya Daktari ilienea sakafuni katikati ya watu waliokuwa wameipisha njia.

Daktari ndiye peke yake aliyebaki wima. Alitazama dimbwi. Alimtazama Katana, aliyeweza kulisema neno na akatoa mauti kwa kikombe. Kisha akamtazama Mbeyu.

"Afyuni yote ya somo niliimimina humo, na ile karatasi niliibandika mimi," alisema hatimaye. "Nilitaka kuona nani atanusa."

"Mimi nilitaka kunusa, Bwana," alisema Katana kwa sauti ndogo.

"Na nilitaka neno la kupigiwa kelele." Daktari aliuchukua ufunguo mezani, akavuka banda, akapita kando ya dimbwi kwa uangalifu, akampa Mbeyu mkononi. "Nimelisikia. Nitabandua maandishi yangu kabla sijaondoka. Mwalimu ataandika hilo lenu."

Mbeyu alisema, "Vidzo, Bwana," yaani vyema, maana furaha ilimrudisha kwenye lugha ya kwao, akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake. Tribhovan alilia waziwazi, na hakugeukia ukuta wala kutafuta chaki.

Walikuwa bado wanapangusa sakafu pale machela ilipoingia uani. Watu wa Ganze walikuwa wamembeba ndugu yao mwendo mrefu, gogo limemwangukia akikata kuni za makaa, na mguu ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Alikuwa akipiga mayowe. Daktari alianza kuvua koti, akamtazama Mbeyu. "Afyuni," alisema. "Kabati lako."

Mbeyu alikuwa amekwisha fika. Alitia ufunguo wake, akazungusha, kufuli ya kwanza ikafunguka. Akanyosha mkono bila kugeuka.

"Wako, Mwalimu."

Tribhovan alijipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto. Kisha akakumbuka kwamba asubuhi ile, kwa kukata tamaa, alikuwa ameuvua shingoni na kuuacha nyumbani pamoja na cheti chake, akidhani kazi imekwisha.

"Mwalimu?"

"Naja!" akapiga kelele, na alikuwa tayari uani. Alilivua koti akalitupa juu ya ua, akakusanya shuka aliyojifunga kiunoni mpaka magotini, akatimua mbio akikata njia ya Malindi, watu wa makaa wakimpisha huku na huku. Nyuma yake alisikia sauti ya Mbeyu ikimfuata, ile aliyowatania nayo wagonjwa.

"Kimbia, Mwalimu! Mtu anaumia!"

Tribhovan akaongeza mbio.